Maswali mnayoniuliza kila siku: kusoma, kuandika, na kuishi na watu wa nyumbani

Nimeyakusanya hapa maswali ambayo naulizwa karibu kila wiki, nikialikwa mashuleni, kwenye meseji, hata msibani kuna mtu alinivuta pembeni akaniuliza la namba 8. Nimeyaacha vile vile mnavyouliza. Kama jibu lipo sehemu nyingine nimeweka namba, nenda kasome huko. Mi naishi Tanga, nimeandika riwaya nne, nina watoto watatu na mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Nayatanguliza haya kwa sababu majibu mengi bila kujua hayo hayataeleweka.

### Kusoma

1. Ulianzaje kupenda kusoma? Nyumbani kwenu kulikuwa na vitabu?

Vitabu hamna. Kulikuwa na msahafu, kalenda ya dukani, na bibi. Bibi alikuwa anauza vitumbua, saa kumi alfajiri keshaamka, na kazi yangu mimi ilikuwa kukuna nazi. Nakaa juu ya mbuzi, ye anawasha moto, na ili nisisinzie ananitolea hadithi. Paukwa, naitika pakawa, na usipoitika ananyamaza hapohapo mpaka uitike.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba ile hadithi alikuwa anaikata kwa kuangalia nazi. Kifuu kikikaribia kuwa kitupu, msichana ameshafika mlangoni kwa zimwi, mkono uko kwenye komeo, alafu bibi anasema haya lete ya pili. Unakimbilia nazi ya pili mwenyewe bila kusukumwa! Mpaka leo sura zangu ni fupi, urefu wa nazi moja, na wakiniuliza nilisomea wapi uandishi nawaambia jikoni, na namaanisha hivo hivo.

Vitabu vyenyewe nilivikuta maktaba ya mkoa nikiwa darasa la tano. Nilikuwa nimetumwa mjini kununua mafuta ya taa nikaingia kwa sababu ya feni, nikatoka jioni, mafuta sijanunua.

2. Nataka kuanza kusoma riwaya za Kiswahili, nianze na ipi?

Usianze na ile uliyofanyia mtihani, hiyo iache kwanza ipoe, utairudia baadae na utaona ni kitabu kingine kabisa.

Kama unapenda upelelezi, nenda kwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilitoka 1960 na yule mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake mpaka leo hajachuja. Kama unapenda historia inayopumua, *Kuli* ya Adam Shafi, 1979, inakupeleka kwenye mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja mwaka 1948, na ukiisoma angalia jinsi mzigo unavyobebwa mle ndani, angalia bega, angalia jasho, mwandishi hakuambii kwamba kazi ni ngumu, anakuachia gunia. Ukitaka kitu chembamba unachoweza kumaliza kwa siku mbili lakini ukakaa nacho miaka, *Kusadikika* ya Shaaban Robert, 1951. Huyo ni wa kwetu, amezaliwa Vibambani hapa Tanga, 1909.

3. Mi sina muda wa kusoma, nifanyeje?

Kurasa kumi kwa siku. Kitabu cha kurasa 200 umekimaliza ndani ya wiki tatu. Tembea nacho kwenye mkoba, foleni ya benki, kwenye daladala, unaposubiri wali uive. Sina ushauri mwingine na huo ndio ninaoutumia mwenyewe.

### Kuandika

4. Unaandika saa ngapi, na wapi?

Saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili kasoro, siku tano za wiki. Muda wa vitumbua wa bibi, sikuupanga, mwili ulikuwa umeshazoea kuamka. Naandika kwa mkono kwenye kaunta buku, meza ya jikoni, alafu jioni nachapa kwenye simu nikiwa nimelala ndani ya chandarua. Kompyuta niliipata kitabu cha tatu. Kaunta buku ya riwaya ya kwanza ninayo mpaka leo, kuanzia ukurasa wa 40 ina doa la mafuta ambalo limepenya kurasa sita, na kila ukurasa linapungua ukubwa, na katikati ya lile doa maandishi yangu ya peni ya bluu yamekolea utafikiri yameandikwa upya.

Watu wanadhani mpaka uache kazi ndio uandike. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali karibu maisha yake yote ya kazi, forodhani Pangani, baadae ofisi za hapa Tanga mjini, na vitabu vile vyote akaviandika. Saa moja na dakika hamsini kwa siku inatosha kabisa, ila usiruke siku ulizojipangia.

5. Nimeanza riwaya, nimefika ukurasa wa 30 nimekwama. Nimekosea wapi?

Hapo wanakwama karibu wote walionitumia miswada yao. Mara nyingi ni kwamba ulikuwa na mwanzo mzuri na mtu mzuri lakini huyo mtu hataki kitu. Anatembea, anakumbuka, anaangalia mvua. Muulize anataka nini leo, sio maishani, leo. Anataka kulipwa elfu thelathini yake na mtu anayemkimbia. Haya mpeleke kwa huyo mtu, na huyo mtu asiwepo, awepo mkewe, na mkewe hajui habari ya deni. Umeshapata kurasa kumi.

Kosa la pili ni kurudi nyuma kurekebisha ukurasa wa kwanza kila siku. Usirudi. Ukigundua kitu kibadilike, kwa mfano kaka yake awe dada yake, andika pembeni "kuanzia hapa ni dada" uendelee mbele kana kwamba alikuwa dada tangu mwanzo, utasafisha ukimaliza. Riwaya yangu ya pili jirani alikuwa na majina matatu kwenye mswada wa kwanza na haikumuumiza mtu.

6. Mazungumzo yangu yanakuwa kama taarifa ya habari, nifanyeje yawe ya kawaida?

Sikiliza watu nyumbani kwako wanavyojibu, utagundua hawajibu swali. Mama anamuuliza mtoto wa kiume karudi usiku, "Umekula?" Ukiandika "Ndiyo mama, nimekula, asante" umeandika taarifa. Mtoto wa kweli anasema, "Nilipita kwa mama mdogo." Hapo msomaji anajiuliza kwa mama mdogo alipewa chakula au hakupewa, alienda kufanya nini, na mbona mama kanyamaza. Yani jibu limeleta maswali matatu na hujaeleza chochote.

Alafu angalia watu wanavyoitana. Mke anayemwita mumewe "baba fulani" miaka yote, siku akimwita kwa jina lake tupu, msomaji wa Kiswahili ameshajua kuna jambo. Shikamoo ikichelewa kidogo ni ugomvi. Lugha yetu imetupa vitu hivi bure, na naumia sana nikisoma mswada ambao watu wote wanaitana majina tu kama kwenye filamu za kutafsiriwa.

Ukishaandika, soma kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, sentensi ndio mbovu, ulimi hauna kosa.

7. Kwa nini huandiki Kiingereza? Si ndio kuna soko na tuzo kubwa?

Kwa sababu bibi alisimulia kwa Kiswahili, na ule mdundo wa nazi ya kwanza na ya pili siujui kwa Kiingereza. Sina ugomvi na wanaoandika Kiingereza. Abdulrazak Gurnah amezaliwa Zanzibar 1948, anaandika Kiingereza, akapata Nobel 2021, na mwaka uliofuata moja ya riwaya zake ikatoka kwa Kiswahili kama *Peponi*, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Niliisoma ile tafsiri nikamkuta mle ndani mtu wa pwani akiongea kama wajomba zangu, nikafurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Ila mimi sitaki kuzunguka ndio nirudi nyumbani, nataka kuanzia hapa hapa.

Na kuhusu sanifu au cha mtaani: msimulizi wangu anaongea sanifu, watu wangu wanaongea walivyo. Mtu wa Pangani asiongee kama wa Mwanza. Kamusi ninayo mezani na naifungua kila siku, lakini naifungua kuhakiki neno nililolisikia, sio kutafuta neno la kuonekana msomi.

### Nyumbani

8. Hivi unaandika watu wa familia yako kweli? Hawakasiriki?

Ndiyo, na wamekasirika. Hili nitalieleza lote.

Nilipofaulu kwenda sekondari ada haikuwepo. Mama akauza bangili yake ya dhahabu, akamwambia baba imeibwa. Alinieleza mwenyewe nikiwa mkubwa, tumekaa barazani tunachambua mchele, na hakuniambia nifiche wala nisifiche. Baba alishafariki wakati huo. Kwenye riwaya yangu ya pili nikaiweka ile bangili, nikabadilisha jina, nikaipeleka mji mwingine, mtoto nikamfanya wa kiume, nikaona nimeficha vya kutosha.

Mama hakusoma. Aliyesoma ni shangazi, dada yake baba, na kwenye harusi ya binamu yangu, mbele ya wanawake wamejaa ukumbini, akamuuliza mama, wifi, kumbe ile bangili haikuibwa? Miezi saba mama hakuongea na mimi zaidi ya shikamoo na marahaba. Anaitikia, alafu kimya. Nilikuwa naenda kila Ijumaa, nakaa, napewa chai, naondoka. Mwezi wa nane, mimi namenya viazi, akasema bila kuniangalia, "Ungeniuliza, ningekwambia na bei niliyouzia. Hata bei umekosea." Akaitaja. Kwenye kitabu nilikuwa nimeandika nusu yake, yani nilikuwa nimefanya sadaka ya mama yangu kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa, na nimemwaibisha juu. Nililia sana siku ile.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja na siuvunji. Kabla mswada haujatoka nyumbani, mtu ambaye nimechukua kitu chake anasomewa hiyo sehemu, kwa sauti, ana kwa ana, sio kutumiwa kwa simu. Na ana haki ya kukataa. Mdogo wangu wa kiume aliwahi kukataa nikatoa kurasa kumi na moja, zilikuwa nzuri, nazikumbuka mpaka leo, na sijawahi kuzitumia popote. Wapo waandishi watakaokwambia kitabu kwanza. Mi sikubaliani nao. Familia ndio inayotoa muda, mwanga, ukimya na siri ili kitabu kiwepo, haiwezi kuwa ya mwisho kuulizwa.

9. Na kama mtu mwenyewe ameshafariki, nani wa kumuuliza?

Waliobaki ambao bado inawauma. Mjane, watoto, mama yake. Wao ndio wanaosomewa, kama nilivyosema namba 8. Na ukiandika marehemu kwa mapenzi, andika kwa mapenzi waziwazi. Shaaban Robert alifiwa na mkewe akaandika shairi lenye jina lake, *Amina*, na watu ambao hawakumwona hata siku moja yule mama wamemlilia kwa vizazi. Huyohuyo baba aliwaandikia watoto wake tenzi, wa kike wake na wa kiume wake. Nikikumbuka hilo naona kuandika na kuwa mzazi kwake ilikuwa kazi moja.

10. Mumeo anasemaje? Anakubali uamke usiku kuandika?

Mara nyingi hayupo, yuko njiani. Ila nitawaambia jinsi anavyosoma. Foleni ya Tunduma anaweza kulala siku mbili tatu anasubiri kuvuka mpaka. Namrekodia sura nzima kwa sauti, namtumia, anasikiliza ndani ya kabini, alafu ananijibu kwa sauti pia, nyuma nasikia honi na watu wanaouza mahindi ya kuchoma. Hasemi nzuri wala mbaya. Anasema vitu kama, "Mama watoto, huyu bwana ametoka Dar asubuhi na semi ina mzigo, saa kumi na mbili yuko Makambako? Mizani zote hizo kapitaje?" Na kweli, nikamfanya alale Mikumi, na ile sura ya kulala Mikumi ndio wasomaji wengi wananiandikia kuhusu hiyo.

Kwa hiyo dada zangu mnaoniuliza jinsi ya kumshawishi mume, sijui kushawishi, ila mpe kazi ndani ya kitabu. Kila mtu ana kitu anachokijua kuliko wewe, barabara, mashine, dawa, samaki. Mtu akishakuwa na sehemu yake mle ndani hawezi kukuona unapoteza muda.

11. Watoto wakiwa wadogo uliandikaje?

Kidogo sana, na miaka miwili baada ya kumzaa wa mwisho sikuandika kabisa. Nilikuwa nabeba daftari dogo, naandika neno moja tu, "komeo", "harufu ya embe limeoza", mtoto anaamka. Baadae maneno yale yakawa njia ya kurudi. Kama saivi uko hapo, mama, usijipige. Lea.

Wakikua kidogo wahusishe. Wa kwanza wangu ana miaka 15, ndio anayenisomea mswada kwa sauti mimi napika, akifika sehemu akasoma haraka haraka najua pamechosha.

12. We ni mama wa watu, mbona unaandika mambo ya mapenzi na aibu za ndani?

Kwa sababu yapo ndani ya nyumba zetu na wasichana wanayapitia kimya. Euphrase Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, msichana wa Ukerewe anayeharibikiwa baada ya malezi ya baba mkali, na kwa muda kitabu kilikatazwa mashuleni, baadae kikaja kusomwa na wanafunzi hao hao. Mi nilikisoma nikiwa na miaka 16 chini ya dawati na hakikuniharibu, kilinionyesha. Nikiandika chumbani mwa watu naandika kwa staha, mlango nauacha umeegeshwa, lakini siondoi chumba kwenye nyumba.

### Kuchapisha na pesa

13. Inalipa?

Hesabu ya kitabu changu cha kwanza hii hapa. Mrabaha asilimia 10 ya bei, kitabu elfu kumi na mbili, kwa hiyo kwa kila nakala napata 1,200. Miaka miwili ya kwanza ziliuzwa nakala 640. Ni shilingi 768,000. Nafundisha, ndio kazi inayolisha watoto. Kitabu kikiingia kwenye orodha ya shule hesabu inabadilika, lakini huwezi kupanga maisha kwa kutegemea hilo.

14. Nipeleke kwa mchapishaji au nichapishe mwenyewe?

Nimefanya vyote. Mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu miaka mitatu bila kunijibu hata hapana, kwa hiyo ukipeleka, uliza mapema watakujibu lini, na ubaki na nakala. Faida ya mchapishaji mzuri ni mhariri na usambazaji. Ukichapa mwenyewe hela ya kwanza kabisa iende kwa mhariri kabla ya jalada. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, usilipie mtu wa kati. Na usichape nakala nyingi kwa mpigo eti kwa sababu bei ya kuchapa kila nakala inashuka, maboksi yangu yalikaa chini ya kitanda mpaka mchwa wakayakuta kabla ya wasomaji.

15. Naomba PDF ya kitabu chako, sina hela.

Niambie huna hela nitakutafutia nakala, nimeshawapa wengi. Ila usisambaze kwenye magrupu. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake hata watoto wangu wana haki hapo. Rudi namba 13 uangalie zile 1,200 alafu piga hesabu ya grupu moja la watu 200.

16. Tuzo zipi naweza kupeleka mswada?

Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianzishwa 2022 na washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Na ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kama Mabati-Cornell mwaka 2014, baadae ikaitwa Safal-Cornell, hiyo inapokea Kiswahili kutoka nchi mbalimbali. Soma masharti ya mwaka husika, hasa idadi ya maneno. Peleka alafu anza kitabu kingine siku hiyo hiyo, usikae kusubiri simu.

### La mwisho, maana nalo mnaliuliza sana

17. Bibi yako aliwahi kusoma kitabu chako?

Bibi alikuwa anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hesabu zake zote za unga na mafuta aliziandika hivo kwenye makaratasi, lakini herufi hizi za shule hakuzijua. Kwa hiyo kitabu cha kwanza nilimsomea. Wakati huo alikuwa kitandani, haoni vizuri, jioni nne mfululizo baada ya swala ya magharibi.

Jioni ya tatu nimefika pale mtoto anakimbia usiku kutoka shamba la mkonge, ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote, nasoma na machozi yananitoka mwenyewe, bibi akanishika mkono.

"Simama kwanza mjukuu wangu. Huyu mtoto hajala tangu jana."

Nikarudi nyuma kurasa nikahesabu. Ilikuwa siku mbili, mhariri hakuona, mimi sikuona. Nikamwambia bibi nitatengeneza. Toleo la pili, ukurasa wa 61, kabla ya kukimbia, mtoto anapewa vitumbua viwili na mama anayechoma barabarani, vya moto, anavihamisha kutoka mkono huu kwenda huu mpaka vipoe.